Mgeni Ndani ya Kanzu

Mguu wa kulia wa mume wangu ndio uliolisha nyumba yetu. Mikono ya kushika kitambaa wengi wanayo. Kilichotulisha ni ule mguu juu ya pedali ya cherehani, barazani kwetu Nyakabanda, tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, miaka arobaini na zaidi. Umelea watoto saba na kuzika wawili. Umeshona sare za shule, nguo za harusi, suti za watu waliokwenda kuapishwa, na sanda. Katika ndoa yangu nimeutazama mguu ule kuliko nilivyoutazama uso wake, kwa sababu kazi yangu ilikuwa chini, kwenye mkeka: kupiga pindo, kutia vifungo. Nikiinua macho, naona mguu. Unapanda, unashuka.

Sasa nieleze jinsi nilivyouharibu.

Mimi nimesoma hadi darasa la tatu. Yeye alimaliza shule ya msingi, akaongeza na ya ufundi. Vipimo vya wateja alikuwa anaandika kwenye daftari, na mwaka wa kwanza wa ndoa nilisoma tisini na nane mahali alipoandika themanini na tisa, nikakata suruali ya mwalimu mmoja ikawa kama gunia la mkaa. Kuanzia siku hiyo akaniita Darasa la Tatu. Angeniita hivyo chumbani ningevumilia. Aliniita mbele ya wateja. "Darasa la Tatu, lete mkasi." "Darasa la Tatu, usiguse daftari, litakuuma." Wateja wakicheka na mimi nacheka nao, maana mwanamke akinuna barazani wateja wanahamia kwa jirani. Nilicheka, lakini nikaweka moyoni. Mimi huwa naweka.

Uvimbe ulimtokea miaka saba iliyopita, upande wa kulia, pale paja linapokutana na tumbo. Mwanzo ulikuwa kama limau. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu kanzu zake nazikata mimi na nazifua mimi, na mwanamume anayeshika kanzu kwa mkono mmoja kila akiinuka kutoka kwenye sijida ana jambo. Nilipombana alijibu neno moja, anatazama ukuta.

"Mshipa."

Sisi tuliolelewa na Kiswahili cha wazee, wale ambao babu zao walifika huku na bidhaa kutoka pwani, mtu akisema ana mshipa haulizwi zaidi. Ni ule ugonjwa wa wanaume, utumbo kushuka mpaka kwenye kinena, wengine wanasema ngiri. Ni ugonjwa wa kuchekwa. Mtu mwenye mshipa hatungiwi shairi. Nilimwambia pole, nikaenda jikoni, na huko jikoni nilifurahi. Sitadanganya hapa.

Kabla ya Idi nikampima kanzu mpya. Nilipiga magoti mbele yake, pini mdomoni, nikavuta kitambaa upande wa kulia, na mgongo wa vidole vyangu ukagusa ule uvimbe. Ulikuwa unapiga. Tu, tu, tu, kama kifaranga kilichofungwa ndani ya nguo. Nilimtazama usoni, akafumba macho. Nikadhani ni haya. Nikadhani moyo unamwenda mbio kwa aibu ya kushikwa pale na Darasa la Tatu, na nikaviacha vidole vyangu pale zaidi ya kipimo kilivyotaka, ili nionje. Habari ambayo baadaye madaktari waliitafuta kwa mashine kubwa kama chumba, mimi nilikuwa nayo vidoleni, nikaila kama halua.

Kanzu ile niliikata pana upande mmoja. Siku ya pili yake baraza limejaa akina mama waliokuja kuchukua nguo za sikukuu, mmoja akaiinua, akauliza mbona huku pameachwa nafasi.

"Hiyo ya mgeni," nikasema. "Mume wangu siku hizi haendi msikitini peke yake."

Mama yule alilia kwa kicheko. Mwingine alikaa chini kabisa. Mume wangu alikuwa pale pale kwenye cherehani, hatua mbili kutoka kwangu, na hakuinua kichwa; mguu tu ndio ulioongeza kasi. Jina likashika kama rangi ya hina. Wanawake wakipita barabarani: "Salaam aleikum, mzee. Na mgeni hajambo?" Alikuwa anaitikia salamu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Nilimpeleka kituo cha afya mara moja tu. Nesi, binti mdogo mwenye foleni mpaka nje, alimuuliza yeye shida ni nini. Nikajibu mimi: mshipa. Nesi akauliza kwa Kifaransa, ngiri? Nikasema ndiyo hiyo hiyo, kwa sababu neno lile la Kifaransa nililijua na nilitaka waone kwamba nalijua. Akamwambia mzee apande kitandani amwangalie. Mume wangu akashika mkanda wake, akanitazama nilivyosimama pale na uso wangu, akasema, "Hakuna haja." Nesi akaandika. Kuanzia hapo karatasi ilisema ngiri, na kila aliyekuja nyuma yake aliisoma karatasi. Alipewa barua ya kwenda kupasuliwa. Akaikunja ndani ya daftari la vipimo, na ikakaa humo, maana ilimaanisha kulala wodini, na wodini watu huja kuangalia wagonjwa, na wangekuja kumwamkia mgeni.

Mwaka jana, Ramadhani ilipokwisha, maumivu yakaanza. Uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa parachichi. Alikuwa anasimama katikati ya mshono, anashika meza, jasho linamtoka kwenye kofia.

"Mgeni amekasirika?" nikamuuliza.

"Nyamaza, mwanamke."

Nilimwona mama yangu akimrudishia baba mshipa wake ndani kwa kitambaa cha moto na mafuta ya simsim, kwa hiyo nilijua la kufanya. Nikamlaza chali. Siku tatu nilimkanda. Aliuma kofia yake meno yakatoboa. Ule uvimbe haukurudi, ulikuwa mgumu na wa moto, na nilipousukuma ulinisukuma. Siku ya tatu niliusukuma kwa kisigino cha kiganja na uzito wangu wote, na mimi si mwepesi.

"Unaniua," akasema.

"Ningetaka kukuua ningekusomea vipimo," nikamjibu.

Siku ya nne nilimwita mzee wa kuumika. Siku hizi vijana wana vikombe vya plastiki na wanaweka picha kwenye simu. Huyu bado ana pembe zake za ng'ombe, anafyonza hewa kwa mdomo na kuziba tundu kwa nta. Kwanza anaweka pembe kavu ili damu ipande, kisha anachanja kwa wembe, kisha pembe tena. Ameumika nusu ya mtaa, na mimi mgongo ameniumika mara nyingi. Alipaka mafuta, akabandika pembe juu ya uvimbe, akafyonza, akaziba. Akafungua karatasi ya wembe.

Pembe ikaanza kuitikia. Ilikuwa inainama na kuinuka, inainama na kuinuka, kama mtu anayekubali kila neno analoambiwa. Yule mzee akasimama na wembe mkononi. Akaweka vidole viwili shingoni mwa mume wangu, macho yake kwenye pembe, akakaa hivyo kitambo. Halafu akaibandua polepole sana, kama mtu anayetoa mkono kwenye mdomo wa mbwa aliyelala. Wembe akaurudisha kwenye karatasi yake.

"Mama, hii mimi siwezi kata. Hii kitu iko hai."

"Ni mshipa," nikasema.

"Kama ni mshipa, basi si ule unasema wewe."

Akaondoka, chai yake ikabaki mezani. Niliuambia mgongo wake kwamba ni mwoga. Yule mzee ndiye aliyemwokoa mume wangu, kwa kutofanya kitu, na mpaka leo nikikutana naye natazama upande wa pili wa barabara.

Asubuhi ya siku ya pili baada ya pembe, mume wangu akaniita nimwangalie mguu. Kidole gumba na cha pili vilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Mguu wenyewe ulikuwa baridi kama sahani. Nikasema ni hali ya hewa, nikamvisha soksi.

Adhuhuri akafika mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili. Yule nimemlea mimi. Sare yake ya kwanza ilishonwa na mguu ule. Leo anauza dawa katika famasia kule Gisimenti, amevaa koti jeupe na jina kifuani, na nikipita pale naingia hata kama siumwi, ili watu wasikie akiniita bibi. Alimvua babu yake soksi. Akatafuta kwa vidole juu ya wayo, akatafuta nyuma ya kifundo, akatafuta nyuma ya goti, uso wake unabadilika kila anapopanda. Akasema, "Babu, naomba." Na mume wangu, aliyewaficha manesi na madaktari miaka sita, aliinua kanzu mwenyewe. Mjukuu akalaza kiganja pale, akakiacha.

"Nani alisema hii ni ngiri?"

Mume wangu alinitazama.

"Bibi, weka mkono."

"Naujua."

"Weka."

Niliweka. Tu, tu, tu.

"Ngiri haipigi, bibi."

Hospitali ya wilaya walimtazama dakika kumi, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, na ndani ya gari la wagonjwa kijana aliyekaa naye alikuwa anarudia kwa Kinyarwanda, kwangu mimi hasa: mukecuru, yaani bikizee, usiguse hapo. Walimwingiza kwenye skana, wakamchoma dawa ya kuonyesha njia za damu. Kesho yake akaja daktari wa upasuaji wa mishipa. Alikuwa mtu wa makamo, aliyekulia Tanzania, na alipotusikia tukigombana kwa Kiswahili aliacha Kinyarwanda akaingia kwenye Kiswahili chake kilichonyooka kama cha redio.

"Tatizo lako ni mshipa, mzee," akasema.

Mume wangu akacheka, cheko fupi baya. "Tunajua, daktari. Mke wangu alishautangaza mji mzima."

"Mshipa wa damu. Ule mkubwa unaotoka tumboni kwenda mguuni. Ukuta wake umelegea, umetuna kama tyubu ya baiskeli." Akageuza kompyuta tuone. Kulikuwa na mti mweupe umepinduliwa, na kwenye tawi la kulia vifuko viwili vilivyojaa. "Huu mdogo ndio mnaoushika kwa nje. Mkubwa uko ndani ya nyonga, na huo hakuna aliyewahi kuugusa. Ukipasuka, hafiki getini."

"Wageni wawili," nikasema. Ilinitoka tu. Daktari hakuelewa. Mume wangu alielewa, na ndipo nilipoona jinsi anavyoweza kunitazama.

Daktari akaendelea. Uvimbe wa pekee namna ile, mmoja ndani na mmoja kwenye kinena, hauonekani kila siku. Njia moja haitoshi. Ule wa ndani, kwa umri wake na mapafu yake ya vumbi la nguo, hataki kumpasua tumbo kuufuata. Atapitisha waya kutokea kinenani, apeleke juu mrija uliokunjwa, aufungue humo humo ndani ya mshipa, damu ipite katikati bila kugusa ukuta uliolegea. Ule wa kinenani atafungua kwa kisu, aukate, ashone kipande kipya. Vyote siku moja, meza moja.

"Unatia bitana," akasema mume wangu.

"Naam?"

"Koti likichakaa ndani huhitaji kulifumua lote. Unapitisha kitambaa cha ndani kwenye mkono."

"Hasa, mzee. Bitana."

Nami nilikuwepo pale. Miaka arobaini nimetia bitana kwenye makoti ya watu. Nikauliza, "Kwa nini usiitie yote bitana, na huku chini pia? Kisu cha nini?"

Daktari alifungua mdomo, lakini mume wangu alimtangulia, hata hakunigeukia. "Pale panakunja. Mtu akikaa, akiinama, akisujudu, panakunja. Bitana ya kwapa hukatika kwanza. Pale lazima ufumue na ushone upya." Akamwuliza daktari, "Nimekosea?"

"Hujakosea neno."

Wakawa wanazungumza wawili, fundi na fundi, na mimi nimesimama na kikapu cha uji. Mume wangu hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Na mguu? Huu wa kulia ndio wangu wa cherehani."

Daktari akavuta shuka, akatazama vile vidole. Sasa vilikuwa vitatu. "Mguu tutaupigania. Vidole siwezi kukuahidi. Ndani ya uvimbe damu huganda ganda kwa ganda, kama ukoko kwenye sufuria. Vipande vimebanduka vikateremka, vikaziba njia ndogo huku chini." Akatutazama. "Kuna mtu aliukanda?"

Nilisubiri mume wangu aseme kitu. Angeweza kusema si kitu, au ni mimi mwenyewe. Tumekuwa pamoja tangu ujana wetu.

"Muulize huyo," akasema. "Kwa kusema hashindwi."

"Nilikanda mimi," nikasema. "Siku tatu. Kwa mafuta ya simsim. Halafu nikamwita mtu wa pembe."

Daktari hakunikaripia. Aliandika, na kalamu yake ilikwenda muda mrefu kuliko maneno niliyosema. Halafu akasema kuna jambo lingine la kujua kabla ya kusaini: ili bitana ikae vizuri kuna tawi moja la mshipa litazibwa, na huenda tako likamuuma akitembea, na mambo ya ndoa yakapungua.

"Hayo yalishakwisha zamani," nikasema.

Nesi aliyekuwa anashika dripu aligeukia dirishani. Najua nilichofanya. Nilikuwa nimepigwa, nikapiga.

"Nipe kalamu," akasema mume wangu.

"Unasoma, mzee, au nikusomee?" daktari akauliza.

"Mimi nasoma. Huyu ndiye darasa la tatu."

Walimwingiza asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini na mjukuu wangu, yeye anatazama simu, mimi natazama mlango. Karibu na saa tano akaja wifi yangu, dada yake mkubwa mume wangu, kutoka Busanza, mtaa ambao serikali iliwahamishia. Alikuwa amevaa buibui jipya la kwenda msibani. Aliketi, akapanga kanga yake magotini, akangoja watu wa benchi la pili wanyamaze.

"Basi leo mgeni anatolewa, wifi," akasema.

Nilivuta kanga yangu kichwani.

"Umemkaribisha miaka sita, umemtangazia jina, umemshonea na nafasi. Leo hujapika?"

"Wifi, kaka yako yuko mezani."

"Najua aliko. Nakuuliza wewe uliyempeleka."

Mjukuu wangu aliinua kichwa. Nilitaka aseme, mwacheni bibi. Yeye ndiye fahari yangu, kwake nimemwaga kila nilichokuwa nacho. Akamtazama wifi yangu, akanitazama mimi, akarudi kwenye simu yake.

Adhuhuri ikapita. Nilikwenda kuswali kwenye kona, na kwenye sijida, badala ya dua, nilikuwa nahesabu vile nitakavyomjibu wifi yangu. Nilirudi nikakaa na sikusema hata kimoja.

Alasiri daktari akatoka, kofia ya karatasi bado kichwani, alama za barakoa usoni. Wa ndani ameutia bitana, imekaa. Wa kinenani ameutoa, akaushika mezani kwa mkono wake, akaukuta umejaa ukoko ule. Ameshona kipande kipya.

"Cha nini?" nikauliza. "Hicho kipande."

"Kitambaa. Mrija wa kitambaa uliofumwa."

"Kitambaa gani?"

Alikuwa amechoka, akatabasamu hata hivyo. "Poliesta, mama."

"Na mguu?"

"Mguu upo. Una joto mpaka kwenye kifundo."

Alipoamka kesho yake, mume wangu aliuliza vilevile. "Mguu upo?"

"Upo."

"Vidole?"

Nikamwambia kuhusu kitambaa. Alisikiliza hadi mwisho, midomo imekauka, akafumba macho. "Maisha yangu yote nimekataa kushona poliesta," akasema. "Nimewarudisha watu nayo mlangoni. Na wewe ukawaacha wakanitia hiyo mwilini."

Vidole havikupona. Vilikauka vyote vitano, vikawa kama tende za mwaka jana, na wiki ya tatu wakavikata, pamoja na kipande cha wayo, kusafisha mpaka kwenye nyama yenye damu. Kikabaki kisigino na nusu ya wayo. Walimfundisha kutembea kwa kiatu kilichojazwa sponji kwa mbele, na anatembea, anakwenda msikitini, kanzu inaanguka sawa pande zote mbili. Hakuna tena anayeshika kanzu kwa mkono.

Lakini pedali haitaki kisigino peke yake. Cherehani inataka mbele ya mguu isukume na kisigino kirudishe, na cha mbele hakipo. Siku ya kwanza aliyokaa, gurudumu lilizunguka nusu, likarudi kinyume, uzi ukakatika. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, wateja wawili wamekaa wanatazama, mmoja wao yule mama aliyekaa chini kwa kicheko siku ya kanzu. Nilikuwa kwenye mkeka wangu, mbele ya macho yangu kile kiatu kinateleza.

"Njoo," akasema.

Nikadhani anataka mkasi.

"Kaa hapa." Akasogea pembeni kwenye benchi. "Weka mguu."

Niliweka wangu wa kulia juu ya pedali. Ilikuwa imelika katikati, umbo la wayo wake, na wangu haukulingana nalo.

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Polepole. Simama. Nimesema simama. Kanyaga, Darasa la Tatu."

Ndivyo tunavyoshona sasa, yeye mikono, mimi mguu. Ana mguu wa kushoto mzima, wenye vidole vyote, na mafundi wengi hukanyaga kwa wa kushoto. Nilimwambia mara moja, akanijibu kwamba wa kushoto hakuusomesha. Mjukuu wangu alipopata mshahara wa kwanza baada ya hayo yote alileta mota ya umeme, ndogo, ya kufunga ubavuni mwa cherehani. Unagusa tu kwa kisigino inakwenda. Iko juu ya kabati, ndani ya boksi lake, na sasa imeshika vumbi. Kila akija anauliza, "Babu, tuifunge lini?" Babu yake anasema umeme hauaminiki. Mara ya mwisho alinigeukia mimi: "Bibi, mwambie basi." Nikasema mota inakata uzi.

Kifundo changu huvimba jioni. Naweka mguu kwenye beseni la maji ya chumvi na yeye anatazama, hasemi pole, na mimi sijawahi kusema samahani. Nimekaribia mara mbili. Mara zote mbili alinitangulia kwa neno, na samahani yangu ikarudi chini.

Juma lililopita alikuja mteja mgeni, bwana wa makamo aliyehamia mtaa wa juu, analeta kitambaa cha suti. Kitambaa chema cha sufu. Alisimama akatutazama tulivyobanana kwenye benchi moja, yeye na mikono, mimi na mguu, akaona haya kidogo, akauliza kwa adabu, "Na mama huyu ni nani, fundi? Ni mkeo?"

Mume wangu alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kimto.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni mgeni."

Yule bwana akaniamkia. Nikamwitikia.

"Kanyaga," akasema mume wangu.

Nikakanyaga.